Jina Lisilokaa kwenye Vina

...na asigeuze shingo, kwa nini anageuza shingo kila wembe unapofika chini ya sikio, aliwaza Abelone, akamshika mumewe kidevu kwa vidole viwili akamrudisha kwenye mwanga wa dirisha, upande wa kulia wa uso ule ulikuwa umelegea kama shuka iliyoanikwa ikiwa bado imejaa maji, ngozi haivutiki, wembe unazama badala ya kuteleza, ndiyo maana kila asubuhi alianza na upande huo uliokufa ili aumalize upesi, kisha ndipo ahamie kushoto, kwenye uhai, kwenye jicho linalomfuata, jicho ambalo daktari aliliinamia na mshumaa wake akasema, "Humo ndani yumo mzima, Mama Mchungaji, akili haijapungua hata punje, ni ulimi na mkono tu," akalisema kama mtu aliyeleta zawadi, na Abelone akajibu ahsante, ahsante sana daktari, huku moyoni akiwaza, kumbe yumo, basi atasikia kila kitu na hatajibu, miaka thelathini na moja nimesikia mimi nikanyamaza, sasa ni zamu yake... wiki nane hizo, tangu Jumatatu ya Pasaka alipodondoka mbele ya madhabahu mkono ukiwa bado juu kwenye baraka, na watu wote wa Langvær wakabaki wameinamisha vichwa kwa muda mrefu tu wakidhani ni sehemu ya ibada, kwa kuwa Mchungaji Hartvig Lerum alikuwa mshairi, na mshairi huwezi kumjua, mpaka Arnt mvuvi, aliyeketi safu ya mbele, akasema kwa sauti, "Jamani, huyu haombi, huyu ameanguka," na hata hapo kuna waliosema amina... "Mama, boti ya Baba Askofu imezunguka kisiwa cha mwisho," alisema Oleanna kutoka mlangoni, mtumishi wa miaka sitini na ushei aliyeingia nyumba hii akiwa bado na meno yote, "makasia manane, na katikati kuna kitu kikubwa cheusi, kama si Askofu basi wamevua nyangumi." "Oleanna, adabu." "Nasema ninachokiona, Mama, zile keki zangu hazitamfikisha popote yule, labda nimpe na sahani atafune," na jicho la Hartvig likacheka, lilicheka kweli, kona yake ikajikunja kama zamani, bado anaweza kuchekeshwa huyu, bado kuna kitu kinamfurahisha, Abelone akachovya brashi kwenye bakuli akampaka povu, akapandisha juu, juu zaidi, mpaka penye kope, sabuni ikaingia, jicho likafumba na kutoa machozi, akaacha kidogo kabla ya kuchukua kitambaa, akahesabu moja, mbili, tatu, nne, ndipo akamfuta, taratibu, kama mke mwema.

Askofu alikuwa anakuja na nishani ya mfalme, barua ilisema hivyo, nishani kwa mtumishi wa Neno na wa lugha, ambaye nyimbo zake zimeifariji pwani yote ya kaskazini, pwani yote, yaani hata Arnt, aliyesimama kwenye harusi ya binti yake na glasi ya tatu mkononi akasema, "Mchungaji wetu anaijua bahari kama mimi ninavyoijua Roma," watu wakacheka mpaka wakashika meza, kwa kuwa Hartvig, aliyeutunga ule wimbo wa wavuvi, wenye nanga na dhoruba na Bwana ameshika usukani, hakuwahi kukaa katika boti muda wa kumaliza Baba Yetu bila kutapika, walimpeleka kwenye makanisa ya visiwani amelala chini kati ya vikapu vya samaki, ngozi ya kondoo usoni, na akikanyaga nchi kavu jambo la kwanza anaomba karatasi, kijana wa mjini, wa nyumba zenye mapazia mawili mawili, alikuja Langvær na sanduku la vitabu na kikohozi, na neno la kwanza alilomwambia Abelone, binti wa nahodha, siku alipopeleka hesabu ya manyoya ya bata wa baharini kwa mchungaji kwa sababu mama yake hakujua kuandika, halikuwa una macho mazuri, halikuwa hata habari za nyumbani, alisema, "Una mwandiko safi sana," na yeye mjinga akaenda nyumbani akajitazama mikono, akalala nayo kifuani... mwandiko safi, beti kwa beti, kitabu kwa kitabu, Hartvig akitembea na yeye akiandika, na usiseme hukufurahi, Abelone, ulifurahi, ulikuwa ukijua kabla yake ni mstari upi utakaa na upi utaanguka, ukikohoa kidogo kwenye mstari mbovu naye anaurudia, na jina kwenye jalada likawa moja tu, hilo hukulijali, hilo si neno, si hilo... geuza kichwa, Hartvig, bado hapa chini ya taya.

Kutoka kanisani, chini ya mteremko, sauti za wanawake zilianza, mwimbishaji alikuwa akiwapitisha kwa mara ya mwisho kabla Askofu hajafika, alijua watakachoimba, nani asiyejua, Abelone akaubana mdomo, akaupitisha wembe juu ya mkanda wa ngozi mara sita ili mlio wake uzibe, lakini mkanda una mwisho na wimbo ulikuwa na beti kumi na moja, *lala, Rosine, Rosine, ua la pwani yetu, duniani hapana mwingine aliyebeba nuru yetu*, kazeni hapo kwenye nuru, mwimbishaji atakuwa anawaambia, msikokote, na wanakokota, wanapenda kukokota, wanalia wakiimba, wanawake waliozika wanane na tisa wa kwao wanamlilia Rosine, na kila kiangazi wageni hushuka kwenye meli kubwa, wanapanda mteremko na kofia zao, wanaling'oa kaburi nyasi na kuzitia katika vitabu vya sala, mpaka ikifika Septemba kaburi limebaki upara, na yule bibi wa Bergen, mwenye kitambaa cha zambarau, alimkuta Abelone amepiga magoti anapanda nyasi mpya akamwuliza kwa upole kabisa, "Na wewe, mama, ulimjua mtoto?" naye akajibu, "Nilimjua kidogo," akaendelea kushindilia udongo kwa ngumi... kumi na wanne, Rosine kumi na wanne wamebatizwa parokia hii tangu wimbo utoke, Hartvig alikuwa akirudi kutoka kanisani akisugua viganja, "Mwingine, Abelone! Mke wa mlinzi wa taa naye! Wa kumi na nne!" na anakaa mezani anakula samaki wake mkavu na siagi na anataka uji uongezwe, Rosine mwenye makengeza, Rosine wa kwa mhunzi anayeng'ata wenzake, Rosine mmoja alikufa na ndui akazikwa hatua tano tu kutoka kwa Rosine wa wimbo, na wageni wakakosea kaburi wakang'oa nyasi zake na yeye, na hakuna Turid hata mmoja, kisiwa kizima, hakuna, jina la mama yake Abelone na la mama wa mama yake, limefutika kama nyayo penye maji kujaa, kwa sababu mtoto aliyelala chini ya jiwe lile hakuitwa Rosine siku hata moja ya miaka yake minane, aliitwa Turid, Turid Hartvigsdatter, binti yao, alikuwa na kovu kidevuni, alikuwa muongo, aliiba sukari, aliwachukia kuku, hakuwa ua la pwani yoyote.

"Tu," alisema Hartvig. Abelone akasimamisha wembe. "Tu... tu..." "Tulia, nitakukata." "Tu..." na hapa Oleanna, ambaye alikuwa amerudi na birika la maji moto, alisimama palepale kama aliyeitwa yeye, na Abelone bila kumtazama akasema, "Mletee kiko," na Oleanna akasema, "Mama, ana sabuni mdomoni," "Basi baadaye, anataka tumbaku yake, si unamsikia," "Namsikia," Oleanna alisema, akaweka birika chini kwa kishindo, "namsikia wiki nane sasa, na wewe unamsikia, na Mungu naye hajawa kiziwi," akaondoka, na visigino vyake vikawa vinasema mengine yote njiani mpaka jikoni... kwa kuwa siku ya kwanza kabisa, Ijumaa ile baada ya Pasaka, ulimi ulipoanza kurudisha kasauti, ndicho kilichotoka, tu, tu, na mchungaji msaidizi alikuwepo, na mke wa mhunzi alikuwepo, wote wakaegemea mbele, anasema nini mtumishi wa Mungu, na Abelone alikuwa amelijua papo hapo, na kabla hajajua kwamba mdomo wake umefunguka ulikuwa umeshasema, "Tumbaku. Anataka tumbaku," wakacheka kwa faraja, wakafurahi, mzee wetu ana hamu ya kiko, basi atapona, wakakijaza, wakakiwasha, wakakitia kwenye ule mdomo usioweza kuvuta, moshi ukamwingia puani na machoni akakohoa mpaka akawa wa bluu, na tangu siku hiyo parokia nzima inaleta tumbaku, hizo pale dirishani, misokoto, makopo, moja imetoka Trondheim, Arnt alileta ya kwake mwenyewe iliyobaki nusu, na kila Hartvig anapolitaja jina la mtoto wake anatiwa kiko mdomoni, mara tatu kwa siku, mara nne, na bado anasema, mtu huyu ambaye kwa miaka kumi na tisa hakulitamka hata mara moja, sasa hana lingine, maneno yote aliyokuwa nayo, maelfu, ya Kigiriki, ya Kilatini, yote yameanguka baharini na limeelea hilo moja, na mimi namzibia, kila siku namzibia, na nalala usingizi.

Hodi ikapigwa, hodi ndogo ya kistaarabu, huyo ni Ovesen, mchungaji msaidizi, miaka miwili tu hapa, mashavu kama tufaha, kila kitu kwake ni cha ajabu, akaingia na karatasi kifuani akamwinamia mzee kitini, "Shikamoo, Baba," akasubiri kana kwamba ataitikiwa, kisha akamgeukia Abelone, "Samahani Mama Mchungaji, najua ni wakati mbaya, lakini Baba Askofu atataka kusema machache kuhusu kazi yake, nami nimeahidi kumwandalia, usiku na mchana nimekuwa nikipitia lile sanduku la rasimu, Mama, sanduku hilo ni hazina!" "Lina panya," alisema Abelone. "Na nimeupata. Wa kwanza kabisa. Wa Rosine," na akauinua mwangani kwa ncha za vidole, karatasi ya kahawia, pembe imeliwa, na Abelone alikuwa bado hajaigusa lakini alishajua doa liko wapi, alijua mkunjo uko wapi, usiiguse, usiitazame, endelea na taya, "Na ona, Mama, hapa, beti ya kwanza, palikuwa na jina jingine, limekatwa, limefutwa kwa wino mzito kabisa, halisomeki, na juu yake limeandikwa Rosine, na mwandiko," akashusha sauti kama mtu aliye kanisani, "mwandiko wa Rosine si wake. Ni wako." ... ni wangu, kwani ungekuwa wa nani, mwandiko safi sana, "Nami nikawaza, jambo zuri namna gani, mama mwenyewe kumpa mwanawe jina la milele, nikawaza Baba Askofu angependa kulisema hilo, kama utaniruhusu, Mama?" na Abelone akasema, "Subiri kidogo, mwanangu, nisimkate," akaupeleka wembe chini ya taya polepole sana, mahali palepale palipokuwa tayari pameshanyolewa, na ndani yake kitu kilichokaa kimya miaka kumi na tisa kikaanza kujigeuza... si yeye, la, si yeye, ni Hartvig, amekuwa akijiambia hivyo kila siku ya Mungu, Hartvig alimuua mara ya pili, Hartvig alimnyang'anya mtoto jina kwa ajili ya mizani, hivyo ndivyo ilivyokuwa, Februari ile, ugonjwa wa koo, jua lilikuwa halijapanda hata kiuno cha mlima na ilikuwa saa sita mchana, yeye yuko chini na mtoto magotini, na juu ya dari hatua za Hartvig, nane na kugeuka, nane na kugeuka, koo la mtoto limezibwa na utando mweupe na bibi wa kukanda alimwambia chukua unyoya, chovya kwenye siki, ingiza mpaka mwisho na uzungushe, usimwonee huruma, na yeye akaingiza, akazungusha, akamtuma Oleanna juu, "Mwite baba yake, mwambie sasa hivi," na kutoka juu sauti ile, haikuwa mbaya, ilikuwa ya mbali, "Naja, naja, nipe mstari mmoja tu," nane na kugeuka, nane na kugeuka, na mtoto akasema... hapo aliruka, hapo huruka kila mara, kama ngazi iliyooza... na Hartvig aliposhuka yalikuwa tayari yamekwisha, alisimama na karatasi mkononi, akalia, kusema haki alilia, alilia kama ng'ombe, na chozi lilipotaka kudondoka kwenye karatasi akaisogeza pembeni wino usiharibike, na kwenye karatasi baba alikuwa amepiga magoti kando ya kitanda ameshika mkono mdogo, na mtoto alikuwa akisema, *Mama, naona mwanga*, hayo ndiyo, hayo ndiyo yote, Hartvig, Hartvig, Hartvig... na jina, Abelone? na jina? Siku tatu baada ya mazishi Hartvig alikuwa amekaa pale pale alipokaa sasa, ndevu hazijanyolewa, akasema, "Haliingii. Turid haliingii. Linaisha kama mlango uliofungwa, hakuna kinachoweza kulifuata," akasema, "Nitauacha wimbo huu, Abelone. Siwezi kumbadilisha mtoto jina. Nautupa motoni," na aliinuka, alikuwa ameshainuka, alikuwa na karatasi mkononi hatua mbili kutoka kwenye moto, na ni nani aliyemnyang'anya? Ni nani aliyekuwa ameshanakili beti kumi na akajua, akajua kwa mifupa yake, kwamba huu ndio utakaoimbwa, kwamba hajawahi kutunga kitu kama hiki wala hatatunga tena, ni nani aliyekaa, akachovya kalamu, akalifuta jina la mama yake kwa mistari sita, saba, minane, mpaka karatasi ikakaribia kutoboka, akaandika juu yake, akasema, "Weka Rosine," na Hartvig akamtazama, macho yote mawili mazima, akauliza, "Rosine ni nani?" naye akasema, "Si mtu. Lina vina." Akauliza, "Haitakuuma?" Akamjibu, sikia alivyomjibu, "Jina ni jina tu."

"Mama?" alisema Ovesen, "umejisikia vibaya?" Hapana, hajambo, maji yamepoa tu, na chini huko mwimbishaji alikuwa ameirudisha beti ya nne kwa sababu sauti ya pili ilipotea, na Hartvig alikuwa ameiona karatasi, jicho lilikuwa juu ya karatasi na lilikuwa pana, na mkono wa kushoto, ule wenye nguvu, ukatoka chini ya shuka ukaielekea, vidole vimefunguka, na mdomo ukajikunja upande mmoja, ukavuta, ukatafuta, shingo ikakaza mishipa, na safari hii halikukatika katikati, "Tu... rid," alisema, na tena, akilitoa kama mtu anayeng'oa msumari, "Turid," na mate yakamshuka kwenye povu. "Amesema!" Ovesen aliruka, karatasi nusura ianguke kwenye bakuli, "Amesema jina! Mama, ni jina, nimelisikia, Tu... Turi... ni lipi hilo, ndilo hili lililokatwa? Herufi ya kwanza ni T, nilidhani hivyo tangu mwanzo, Mama Mchungaji, ameongea, ameongea siku ya Askofu!" na alikuwa ameshatoa kalamu ya risasi mfukoni, alikuwa ameshailowesha kwa ulimi, na Abelone akayaona yote kwa mara moja kama mtu anavyoona kisiwa radi inapopiga, kalamu inaandika, Askofu anasimama kwenye mimbari na tumbo lake na nishani yake anasema, wapendwa, jina la kweli, mnong'ono mdogo unapita kwenye viti, wanawake wanashika vitambaa, jiwe jipya linachongwa, bibi wa Bergen anarudi kung'oa nyasi zaidi, Turid wa kwa mhunzi, Turid wa kwa mlinzi wa taa, mwingine, Abelone, wa kumi na nne, na kijana huyu mwenye mashavu ya tufaha anakaa jioni anatafuta kitu kinachoweza kufuata mlango uliofungwa, na atakipata, leo vijana wanapata chochote... na nani atakayeulizwa ni nani alilifuta. Hilo pia. Usijidanganye, hilo pia lilikuwemo, tena lilikuwa mbele. "Tumbaku," alisema Abelone. Ovesen akabaki na kalamu hewani. "Lakini, Mama... mwishoni palikuwa na..." "Ana povu mdomoni, mwanangu. Ni tumbaku. Nimeishi naye miaka thelathini na moja." "Ila karatasi, alipoiona karatasi..." "Alikuwa akifungia tumbaku kwenye karatasi kama hiyo. Hebu nipe," akaichukua kutoka vidoleni mwake, akaikunja pale pale kwenye mkunjo wake wa zamani, akaitia kwenye mfuko wa aproni, "na kuhusu jina, usimsumbue Askofu, wino ulimwagika nikaandika upya, basi. Shuka gatini, atakuwa anafunga kamba sasa, usimwache apokewe na Arnt, Arnt atamwambia habari za Roma," na Ovesen akacheka bila kuelewa, akaaga, akamwinamia tena mzee, "Hongera sana kwa siku hii, Baba," akaondoka, aliamini, watu wema huamini, ndiyo raha ya kuishi nao.

Basi wakabaki wawili. Hartvig hakuwa ameliondoa jicho, lilikuwa juu yake, si la hasira, angalau lingekuwa la hasira, lilikuwa likimwuliza kitu, lilikuwa likimsihi, mkono wa kushoto bado umenyooka kuelekea mfuko wa aproni, na Abelone akaushika kwa kifundo, akaurudisha chini ya shuka kama mtu anavyorudisha samaki kwenye kikapu, akamwinamia mpaka pua yake ikanusa sabuni na ule uchachu wa mdomo mgonjwa, na akasema, kwa sauti, ya kawaida, "Turid," na chumba hakikufanya lolote, miaka kumi na tisa na chumba hakikufanya lolote, "Turid, ndiyo, nimekusikia tangu siku ya kwanza. Ulifikiri sikusikii?" na jicho likajaa, likafurika, machozi yakafanya mfereji kwenye povu, na alimwona akilegea kwa shukrani, kwa shukrani jamani, alifikiri amesamehewa, alifikiri huu ndio mwanzo wa kitu, na ukatili ukampanda Abelone mtamu kabisa, kama sukari iliyoibwa, akajua atakachofanya, kitu kimoja alichokuwa nacho duniani ambacho Hartvig hakuwa nacho, kile alichoruka, ngazi iliyooza, mtu huyu aliyempa mtoto maneno ya malaika na hakuwahi, hata siku moja, hata kwa bahati mbaya, kuuliza alisema nini hasa, basi achukue sasa, achukue wakati hana ulimi wa kuyasema wala mkono wa kuyaandika, yakae humo yakimtafuna, "Hakuona mwanga wowote," alimwambia sikioni. "Nilikuwa nimemwingizia unyoya kooni. Unajua alisema nini? Wewe ulikuwa juu unatafuta mstari. Alisema, *Mama, unaniumiza.* Ndiyo yote. Akafa kwa hilo. Mama, unaniumiza." Na akainuka, akangoja.

Kengele ya kanisa iligonga mara moja, ya kujaribu, boti imefika, na Oleanna jikoni alikuwa akimfokea mtu kuhusu vikombe, Abelone alingoja uso ule uvunjike, alikuwa amekaa akiungoja miaka yote hiyo, na mwanzoni ulivunjika kweli, ule upande wa kushoto ulijikunja, pumzi ikakatika, sauti ndogo ikatoka puani kama ya kitoto cha mbwa, na yeye akaona, vema, hivyo, zaidi, na kisha, taratibu, kitu kikatulia. Machozi yalikuwa bado yanashuka lakini jicho halikuwa tena pamoja nayo. Lilikuwa limemwacha. Limemhama Abelone, limeenda dirishani, limepita makopo ya tumbaku, limetulia mahali pasipo na kitu, kidogo juu ya upeo wa bahari, na kope imeshuka nusu, na ule mdomo uliopooza ukasogea, ukarudi, ukasogea, bila sauti, mara nne, mara tano, na Abelone akarudi nyuma hatua moja, kwa kuwa aliufahamu uso huu kuliko alivyofahamu mikono yake, aliuona mara elfu moja akiwa na kalamu imeshachovywa, maneno mawili, jamani, nimempa maneno mawili, mazuri kuliko yote aliyowahi kupata, na nilikuwa nayo mimi peke yangu, yalikuwa yangu, hakuna mtu mwingine duniani aliyekuwa nayo, na sasa yamo humo ndani, pamoja na mwanga na ua la pwani na nanga, na kila ninapomtazama nitajua anayafanya nini... akajikuta amekohoa. Kikohozi kidogo tu, cha kooni, na jicho la Hartvig likaruka likamrudia, kwa utiifu, likangoja asahihishe.

Abelone akachovya brashi. Upande wa kushoto ulikuwa bado haujaanzwa, na ngazi zilikuwa tayari zinalia chini ya mtu mzito, akamshika kidevu kwa vidole viwili, tulia, Hartvig, alisema, tulia, wamekuja.